Piko itatoka, mzio wake hautoki

Idd ikikaribia, au msimu wa harusi ukianza, pita Mishomoroni, Mtongwe au Mikindani jioni uone vibaraza vilivyojaa. Wasichana wamenyoosha mikono na miguu, mama wa hina ameinama na koni yake, na watoto wamejipanga wakingoja nao watiwe ua moja kiganjani. Mbali kidogo, katika chumba kilicho nyuma ya kinyozi, barobaro ameuma meno huku mashine ya tatuu ikivuma begani mwake. Na katika nyumba nyingine isiyo na kibao mlangoni, mganga anamchanja mwele chale kifuani kwa wembe.

Ukiwauliza hawa watatu, kila mmoja atakuambia kazi yake haihusiani na ya mwenzake. Mama anaremba, kijana anachora, mganga anatibu. Kwangu mimi ninayewapokea watu baadaye, kazi ni moja: kitu kisichokuwa cha mwili kinatiwa katika ngozi ya mtu. Tofauti ninazozitafuta ni mbili. Kitu chenyewe ni nini, na kimeingia kina gani?

Wazazi wengi huku kwetu ng'ambo ya kisiwa wana kipimo kimoja cha hatari, nacho ni kama rangi inatoka. Tatuu haitoki, basi ni mbaya. Piko inatoka baada ya wiki mbili hivi, basi haina neno, hata mtoto wa miaka minne na apakwe. Msomaji mpendwa, kipimo hicho si sahihi. Baada ya kila sikukuu, wanaokaa kwenye benchi langu si vijana wa tatuu. Ni watoto wa piko.

Hebu tuanze na ngozi yenyewe. Ina tabaka mbili kuu. Ile ya juu imepangwa kama makuti ya paa, chembe juu ya chembe, na zilizo juu kabisa zimekwisha kufa. Hizo hupukutika kila siku, tunapooga na tunapojikuna, na kwa muda wa takriban mwezi mmoja makuti yote huwa yamebadilishwa. Chini yake kuna tabaka ya ndani yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Hii haipukutiki. Rangi iliyokaa juu itaondoka na makuti. Iliyofika ndani itakaa.

Hina hukaa juu. Hina ya kweli ni majani ya mhina yaliyokaushwa yakasagwa, yakachanganywa na maji ya ndimu au chai. Ndani yake mna rangi ya asili iitwayo lawsoni, ambayo hushikana na zile chembe zilizokufa. Ndiyo maana viganja na nyayo, ambako ngozi ya juu ni nene, hukolea vizuri kuliko mgongo wa mkono. Hina haina haraka. Hutaka kukaa saa kadhaa, pengine usiku kucha mikono ikiwa imefungwa. Ukiibandua huacha rangi ya chungwa, na baada ya siku moja au mbili rangi hiyo huiva ikawa nyekundu ya kahawia. Kuwa nyeusi tititi, haiwi. Naomba uliweke jambo hilo akilini, tutalirudia.

Kwa watu wengi hina ya namna hiyo haina madhara. Lakini kuna kundi moja ambalo sisi watu wa pwani hatuna budi kulijua. Tumeishi na malaria karne nyingi, na miili yetu imebeba historia hiyo. Mojawapo ya alama zake ni upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali ya kurithi inayowasumbua zaidi wavulana. Humpa mtu kinga kiasi dhidi ya malaria, lakini huzifanya chembe nyekundu za damu zipasuke zikikutana na dawa au kemikali fulani. Huenda unaikumbuka Lapdap, dawa ya malaria iliyoondolewa sokoni mwaka wa 2008 kwa sababu iliwapunguzia damu wenye upungufu huu. Lawsoni nayo imo katika orodha ya kemikali hizo. Mwaka wa 2001 madaktari wa Umoja wa Falme za Kiarabu walieleza habari za watoto wanne wenye upungufu wa G6PD ambao damu yao ilivunjika baada ya kupakwa hina. Mmoja wao alifariki.

Kwa hivyo mtoto mchanga asipakwe hina, iwe ni kwa urembo au kwa dawa. Na mtoto yeyote aliyepakwa hina kisha ukaona macho yamekuwa manjano, midomo imepauka au mkojo umekuwa kama chai ya rangi, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali usiku huo huo.

Sasa piko. Jina hili ndilo linalotupoteza. Wateja hudhani piko ni dada yake hina aliye mweusi zaidi. Sivyo. Hakuna mti wa piko. Weusi ule aghalabu hutoka katika unga au maji ya kutia nywele rangi, bidhaa zinazouzwa katika maduka ya vipodozi kila mtaa. Kemikali inayotia weusi ni parafenilinidiamini, ambayo kwa ufupi tunaiita PPD. Wengine huichanganya na hina kidogo ili ipate harufu ya hina, kisha mteja huambiwa ni hina nyeusi.

Rangi ya nywele ilitengenezewa nywele. Soma pakiti nyingi za dawa hizo utaona zinakuelekeza ujaribu tone moja saa 48 kabla ya kuitumia, uilinde ngozi, na uoshe baada ya muda mfupi. Ulaya, sheria inaruhusu PPD isiyozidi asilimia 2 katika rangi inapowekwa kichwani, na kuichorea ngozi hairuhusiwi kabisa. Wachunguzi waliopima hizo zinazoitwa hina nyeusi katika nchi mbalimbali wamekuta baadhi yake zina zaidi ya asilimia 15. Mama wa piko hapimi kwa asilimia. Hupima kwa kijiko na kwa jicho, na akiona haijakolea, huongeza.

Simlaumu yeye peke yake. Mteja ndiye aliyetaka weusi, tena kwa haraka, kwa kuwa kesho ana harusi na hana nafasi ya kulala mikono imefungwa kama bibi yake alivyolala.

Mzio wa PPD una hila. Mara ya kwanza mtoto anapopakwa huenda asipate lolote. Ua linakuwa jeusi zuri, picha zinapigwa, watu wanakula pilau. Lakini walinzi wa mwili wamekwisha kuisoma kemikali ile na kuitia kumbukumbuni. Idd inayofuata anapakwa tena, na baada ya siku moja mbili ngozi inavimba palepale ulipopita mstari, inawasha, inatoa malengelenge. Nilimtibu msichana wa miaka saba kutoka Kisauni ambaye ungeweza kuhesabu majani ya ua lake kwa kuhesabu malengelenge. Alipona kwa wiki tatu. Ua lenyewe lilibaki miezi mingine, safari hii likiwa jeupe, kwani ngozi iliyoungua ilikuwa imepoteza rangi.

Mamake aliniuliza: "Daktari, si mwaka jana alipakwa na mtu huyu huyu, na hakuna kilichotokea?" Nilimjibu kwamba mwaka jana ndipo jambo lilipotokea.

Mzio huo hauishi malengelenge yanapokauka. Mtoto huyo ameuchukua maishani. Miaka 15 ijayo atatia nywele rangi, na uso utavimba hadi macho yafumbe. Baadhi ya rangi za nguo nyeusi zitamwasha, na hata dawa fulani za ganzi za kupaka zinaweza kumdhuru kwa kuwa zinafanana na PPD kwa umbo. Tena fikiria kazi. Ni wasichana wangapi wa Likoni na Changamwe wanaolishwa na saluni? Kwa huyu, kazi ya kutia wateja rangi za nywele imefungwa kabla hajamaliza darasa la pili, naye hakuulizwa.

Ikimezwa, unga huo ni sumu. Shingo na ulimi huvimba hadi pumzi zikazibika, kisha figo hushindwa kufanya kazi. Nchini Sudani, ambako wanawake pia huuchanganya na hina, madaktari wa Khartoum wameeleza visa vya namna hiyo kwa miongo mingi. Usiuweke jikoni karibu na sukari.

Utaitambuaje piko iliyovikwa jina la hina? Tazama saa. Kitu kinachotoa weusi wa lami chini ya saa moja si hina, hata muuzaji aape. Inusie pia. Hina hunukia majani makavu, ilhali rangi ya nywele hunuka kama saluni.

Tushuke chini zaidi. Chale hukata tabaka ya juu na kuifikia ya ndani, ndipo damu hutoka, na dawa ya unga husuguliwa humo. Hapa urembo sio shabaha, ijapokuwa alama hubaki. Lugha yetu yenyewe ina ushahidi wa kuchekesha kidogo: mganga huchanja na mimi huchanja. Zamani za ndui, chanjo ya hospitali nayo ilikuwa ya kukwaruza ngozi na kutia dawa, kwa hivyo wazee waliona kitendo kile kile walichokizoea na hawakuhitaji neno jipya.

Sitaki ugomvi na waganga. Wengi wa wagonjwa wangu hupita kwao kabla ya kuja kwangu, na baadhi hurudi huko baada yangu. Ninachowaomba ni wembe. Watu wote wanaogopa virusi vya Ukimwi, na ni haki yao, lakini kwenye wembe wa kutumiwa na watu wengi mimi huogopa zaidi homa ya ini aina ya B. Mhudumu wa afya akijichoma kwa sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi vya Ukimwi, hatari ya kuambukizwa ni takriban 3 kwa 1,000. Kwa homa ya ini aina ya B, ikiwa hajachanjwa, hatari hiyo inaweza kufika 30 kwa 100. Virusi vyake hudumu nje ya mwili hata siku 7, juu ya damu iliyokauka ambayo jicho halioni. Hapa Kenya watoto walianza kupewa chanjo yake katika ratiba ya kawaida mwishoni mwa 2001. Wewe uliyezaliwa kabla ya hapo huenda hukuipata kamwe. Ongeza pepopunda, ongeza makovu yanayofura na kukua kuliko kidonda chenyewe, ambayo ngozi nyeusi huyapata kwa urahisi, hasa kifuani na mabegani. Wembe mpya ni bei ya maandazi tu.

Zipo chale zilizotiwa rangi kwa makusudi, na mfano wake ulio karibu nasi ni nembo za Wamakonde. Ukivuka Likoni ukaendelea hadi Kwale utawakuta wazee wachache ambao nyuso zao zina mistari iliyopangwa kwa hesabu. Mchoraji alikata ngozi kisha akasugua masizi, hivyo nembo ni kovu na tatuu kwa pamoja: ukipapasa unalihisi, ukitazama unaona rangi ya samawati iliyofifia. Wazee hao au wazazi wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba, hasa ya mkonge. Watu waliobeba utambulisho usoni walikaa miongo mingi bila kitambulisho cha serikali, hadi walipotembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi mnamo Oktoba 2016, na mwaka uliofuata wakatangazwa kabila la 43 la Kenya. Vijana wao hawachanji tena nembo. Sijawahi kumtibu mzee wa Kimakonde kwa sababu ya nembo yake; iliyopona zamani imepona.

Tatuu ya mashine hutumia kanuni ile ile ya masizi ndani ya ngozi, ila kisu kimebadilishwa. Mashine ya umeme ilipewa hataza New York mwaka wa 1891, mvumbuzi wake akiwa Samuel O'Reilly. Sindano hupiga mara nyingi mno kwa dakika na kuuacha wino kina cha milimita moja hadi mbili. Kwa nini hautoki? Chembe walinzi huumeza wino wakidhani ni adui, wakashindwa kuusaga. Watafiti wa Ufaransa walionyesha mwaka wa 2018, kwa kutumia panya, kwamba mlinzi akifa humwaga wino wake na mlinzi mpya huumeza tena palepale. Tatuu basi ni vita visivyokwisha ambavyo mwenyewe havihisi.

Mitindo ina tofauti zake, na baadhi ya tofauti hizo ni za kidaktari. Mchoro wa mistari mitupu huumiza ngozi kidogo. Mchoro wa kujaza kivuli, au ule wa kufunika mkono mzima, hupitiwa na sindano tena na tena na kidonda chake ni kipana. Maandishi membamba hutanuka kadiri miaka inavyopita, na jina la mpenzi huanza kusomeka kama jina la mtu mwingine. Wino mwekundu ndio unaoongoza kwa kuleta mzio. Kwenye ngozi yetu njano na rangi nyingine hafifu hazionekani vyema, hivyo mchoraji hukandamiza zaidi, na kukandamiza ndiko kunakoleta kovu.

Wino wenyewe pia hauaminiki kila mara. Mjini Rochester, Marekani, mwaka wa 2011 na 2012 watu waliochorwa kwa wino wa kijivu walipata maambukizi ya vijidudu vya jamii moja na vile vya kifua kikuu, na maji yaliyotumiwa kuuzimua yakashukiwa. Umoja wa Ulaya ulianza Januari 2022 kuzuia maelfu ya kemikali katika wino wa tatuu.

Hata hivyo, tatuu anayochorwa mtu mzima kwa sindano mpya iliyofunguliwa mbele yake, kwa wino uliomiminwa katika kikombe kidogo cha kutupwa, inanitia hofu kidogo kuliko piko ya mtoto wa chekechea. Najua maneno haya yatawaudhi baadhi ya wasomaji. Kuhusu halali na haramu, waulizeni masheikh na wachungaji. Mimi nilisomea ngozi na damu. Ninachosema ni kwamba heshima tuliyompa hina tumeihamishia piko bila kuuliza ni nani huyu. Kijana wa miaka 22 amechagua, amelipa, na akijuta anajua wa kumlaumu. (Akijuta, naomba asijiondolee kwa pasi wala asidi ya betri. Nimewaona waliofanya hivyo ili wapate kazi, wakabaki na kovu la kuungua kubwa kuliko tatuu yenyewe.) Mtoto alinyoosha mkono tu kwa sababu dada yake amenyoosha.

Maoni yangu basi ni haya. Watoto wasipakwe piko hata chembe. Bi harusi anayetaka weusi aelezwe kinachotiwa, kisha aamue mwenyewe. Kaunti ina maafisa wa afya ya umma wanaokagua hoteli na bucha; sioni kwa nini wasiingie saluni wakauliza unga ulioko kwenye bakuli umetoka pakiti gani. Na mama wa hina ajue kwamba anajihatarisha zaidi ya mteja wake yeyote, kwani yeye huishika dawa hiyo kila siku, aghalabu bila glavu.

Ikiwa mwanao amekwisha kupakwa na ngozi imeanza kuwasha, osha kwa maji mengi na sabuni ya kawaida. Usisugue ndimu, dawa ya meno wala dawa ya madoa ili kuitoa rangi, na malengelenge usiyapasue. Akivimba midomo au akipumua kwa shida, hiyo ni dharura, usipite duka la dawa kwanza. Vinginevyo mlete zahanati iliyo karibu siku hiyo hiyo. Mje na pakiti ya dawa iliyotumika, hata ikiwa tupu. Mama wa piko akikataa kuitoa, mwambie akuruhusu uipige picha.